Flasha Yenye Mistari Miwili

Mtaani kwetu naitwa Mama Fyuzi. Msidhani ni kwa sababu nauza fyuzi tu. Nauza pia balbu, relei, soketi, tepu na nyaya za kila rangi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniita Mama Soketi. Waliniita Fyuzi kwa sababu naungua haraka, na mimi sikatai. Mtu akinikanyaga leo, sisubiri kesho kumwambia aondoe mguu.

Mume wangu ni kinyume changu kabisa. Ni fundi umeme wa magari, na jina lake la kazini ni Fundi Ethi, kwa kuwa gari lolote likiletwa, hata lililoishiwa mafuta, yeye husema, "Tuangalie ethi kwanza." Ethi ni ule waya mweusi unaofungwa kwenye chuma cha gari, na yeye anaamini nusu ya magonjwa ya umeme duniani yanatoka hapo. Ni mtu wa taratibu. Anaanza na kilicho rahisi, anamalizia na kilicho kigumu, wala hapandishi sauti. Nyumbani anaweza kumaliza jioni nzima kwa maneno matano, na matatu kati ya hayo ni "chumvi iko wapi."

Duka langu la spea na gereji yake vinatenganishwa na ukuta mmoja. Kwenye ukuta huo kuna dirisha dogo, upana wake kama sinia, na humo ndimo inamopita kazi yetu yote. Yeye huja mpaka dirishani huku macho yake yamebaki kwenye gari la mteja, ananyoosha kiganja, anasema, "Balbu ya breki." Mimi naichukua rafuni, naitoa kwenye boksi, namwekea kiganjani, naye anaondoka. Miaka kumi na saba. Hajawahi kugeuza shingo kutazama nilichompa. Hata siku tulizonuniana, hata wiki ile niliyohamia kwa dada yangu na kurudi asubuhi kufungua duka tu, kiganja kilikuja vilevile.

Miguuni kwangu, chini ya kaunta, kuna kopo kubwa la rangi ambalo yeye huwekea vifaa vibovu alivyotoa kwenye magari ya watu. Hapendi kuvitupa. Siku asiyo na kazi anavifungua kimoja kimoja ajue kilikufa kwa ugonjwa gani, na kila alichokimaliza anakichora kwa tupa. Mstari mmoja maana yake marehemu. Mistari miwili maana yake mwongo.

"Mwongo ni mbaya kuliko marehemu," aliniambia siku moja, akinionyesha flasha. Flasha ni kile kikopo kidogo, ukubwa wake kama kiberiti, kinachofanya indiketa ziwake na kuzima, tik tak, tik tak. "Hii ikiwa baridi inafanya kazi mpaka utaiapia. Ikishapata moto, baada ya robo saa au nusu saa, inakata. Fundi akija kuigusa imeshapoa, inafanya kazi tena. Inaweza kumtia mtu wazimu."

Akaichora mistari miwili juu ya bati lake, akaitia koponi. Naikumbuka siku hiyo kwa sababu alisema maneno mengi kuliko mwezi mzima uliotangulia.

Basi akaja Mwalimu.

Alikuja na gari dogo jeupe lenye kibao juu ya paa cha kuwaonya watu wakae mbali. Alikuwa mwalimu wa shule ya udereva, na wanafunzi wake walimwita Mwalimu Breki kutokana na neno alilolipigia kelele kuliko yote. Mwanamke mrefu, viatu bapa, saa kubwa ya kiume mkononi, na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Indiketa za gari lake zilikuwa zimekufa kulia na kushoto. Hazadi nazo, zile taa nne zinazowaka kwa pamoja ukiharibikiwa njiani, zilikuwa kimya.

"Kaka," akamwambia mume wangu, "shule yetu ina magari sita. Mkurugenzi amenituma na hili kwanza. Ukilitibu, yote sita yatakuja kwako. Ukishindwa, mimi ndiye nitakayeaibika, maana nimekusifia."

"Tuangalie ethi kwanza," mume wangu akasema.

"Ethi ndiyo mtoto wa nani tena?"

Na mume wangu akacheka.

Mimi nilikuwa napanga balbu rafuni. Nikaacha. Kicheko kile nilikijua, kwa sababu ndicho kilichonifanya nikubali kuolewa. Mara ya mwisho kukisikia, mtoto wetu wa kwanza alikuwa hajaota meno, na sasa yuko shule ya bweni. Nilisimama nimeshika balbu mkononi, roho ikiniuma kabla hata sijajua inauma nini.

Nikasogea dirishani, nikajifanya nafuta vumbi. Mwalimu alikuwa amechuchumaa karibu na mume wangu, anauliza maswali kama mtoto wa darasa la kwanza. Na yule bwana wa maneno matano anajibu!

"Kwa nini huanzi na balbu?" Mwalimu akauliza.

"Balbu moja ikiungua, upande wake unapepesa haraka haraka kama mtu aliyeingiwa na mdudu jichoni. Huu haupepesi kabisa, na pande zote mbili ziko hivyohivyo. Balbu zote haziwezi kufa siku moja, labda zimerogwa. Fyuzi ya indiketa nimeipima, nzima. Fyuzi ya hazadi nimeipima, nzima. Sasa, indiketa na hazadi zinakutania wapi? Kwenye flasha."

"Yaani flasha ni kama daraja. Njia zote mbili zinapita juu yake."

"Hasa! Kama daraja!" Akapiga paja lake kwa furaha.

Daraja. Miaka kumi na saba nauza flasha, na hakuna siku aliyoniambia kwamba ni daraja. Wala hakuna siku aliyonipigia paja lake.

"Wifi!" Mwalimu akaniona, akaniita kwa sauti yake ile ya barabarani. "Wifi, huyu kaka yangu ni bingwa. Ulimpata wapi?"

Wifi gani? Mama mkwe wangu namjua, watoto wake nawajua wote kwa majina na kwa madeni ya shukrani, na huyu hakuwemo. Nikatabasamu kwa meno peke yake, nikasema, "Nilimwokota." Wakacheka wote wawili, na kile kicheko cha wawili ndicho kilichonimaliza.

Mume wangu akaja dirishani. Kiganja kikaingia. "Flasha ya miguu mitatu," akasema, na uso wake bado uko kule kwa Mwalimu, anamalizia kucheka.

Sitasema shetani alinipitia. Shetani hana duka pale. Boksi la flasha mpya lilikuwa rafuni, usawa wa macho yangu. Mimi niliinama. Nikaingiza mkono koponi, nikapapasa, nikaipata ile yenye mistari miwili, nikaifuta kwa kitambaa mpaka ikang'aa, nikaiweka kwenye kiganja cha mume wangu. Vidole vikajifunga, mkono ukatoka.

Aliipachika chini ya dashibodi bila kuiona, kwa kupapasa tu, kama afanyavyo siku zote. Mwalimu akabonyeza ile swichi ya pembetatu nyekundu. Taa nne zikawaka, tik tak, tik tak. Mwalimu akapiga makofi, akaondoka. Nilivyopanga ni hivi: zitamzimikia huko mbele, atatutukana, atakwenda gereji nyingine, na mume wangu atarudi kuwa mtu wa maneno matano, ambaye ndiye wangu. Wivu hauna macho ya mbali.

Nilisahau jambo moja. Mteja anayemwamini fundi, gari likimsumbua, hahami. Anarudi.

Alirudi baada ya siku mbili. "Kaka, zimezima tena. Nilikuwa na mwanafunzi mzunguko wa tatu wa mjini, tukaonyesha kulia, kimya." Mume wangu akawasha indiketa. Tik tak, tik tak, nzima kabisa, maana gari lilikuwa limeegeshwa kivulini likisubiri zamu yake na flasha imeshapoa. Akakuna kichwa. Akafungua taa za nyuma, akapiga msasa soketi, akafungua ethi, akaisugua mpaka chuma kikawa cheupe, akaikaza upya. Saa mbili nzima. Na saa zote mbili Mwalimu amekaa kwenye kiti changu cha plastiki kile cha kupumzikia mchana, ananywa maji, anasimulia mambo ya wanafunzi wake. Mara yule aliyewasha waipa na maji ya kioo badala ya indiketa na kuwaambia watu anataka kukata kona kwa maji. Mara yule aliyefunga macho kwenye makutano akaomba dua. Mume wangu alicheka mpaka akaiweka chini testa yake ya kupimia umeme.

Akarudi tena siku nne baadaye. Swichi ya hazadi ikabadilishwa. Wiki iliyofuata akarudi, na safari hii mume wangu akaamua jambo jingine.

"Hitilafu hii inatokea gari likiwa njiani. Inabidi tuende nayo tuivizie."

Wakaenda, siku ile na siku zilizofuata. Yeye kwenye usukani, Mwalimu pembeni yake kwenye kile kiti cha mwalimu chenye breki yake. Mume wangu ameshika usukani, mwanamke mwingine ameshika breki, na mimi nimeshika kitambaa cha vumbi. Miaka yote hiyo nauza taa za magari, na sijawahi kupelekwa hata kuzunguka mtaa kwa ajili ya kuvizia kitu.

"Leo tena wameenda?" akauliza fundi cherehani wa duka la pili, mwanamke ambaye mdomo wake una kasi kuliko mashine yake.

"Wameenda kazini."

"Kazi nzuri hiyo. Na shati lile la bluu ndilo la kazi siku hizi?"

Nilikuwa nimeliona shati. Nilikuwa nimelipiga pasi mwenyewe.

Siku hiyo walirudi baada ya saa nzima. Mume wangu aliruka kutoka garini akipiga kelele, "Zimezima! Mbele ya macho yangu, zimezima!" Alifurahi kama mtu aliyepata mtoto wa kiume. Akachukua bisibisi, akafungua kifuniko cha usukani, na alipofika kwenye nyaya, flasha ilikuwa imepoa na taa zikawaka. Akakaa chini palepale kwenye mafuta, na shati la bluu.

Sasa nieleze ujinga wangu vizuri, maana hapo ndipo ulipo. Kila safari waliyokwenda ilinichoma, na kila safari nilikuwa nimeisababisha mimi. Nilitaka yule mwanamke aondoke, nikamfunga kamba ya kurudi. Nilijua dawa. Boksi jipya lilikuwa palepale rafuni. Lakini ningesema nini? Kila siku niliyonyamaza iliifanya siku ya kusema iwe nzito zaidi, na kila nilipojikaza kusema, nilisikia kicheko kule ng'ambo ya ukuta, nikanyamaza tena kwa makusudi.

Jioni moja tukiwa mezani nilishindwa kujizuia. "Unampenda?"

"Nani?"

"Usijitie hamnazo. Mwalimu wako."

Akatafuna, akafikiri, maana yeye hata swali la namna hiyo analipa muda wake. "Naipenda hitilafu yake," akasema. "Tangu nianze kazi sijaona kama hii. Naiota."

Nikaondoa sahani yake hajamaliza. Mtu anaota umeme wa mwanamke mwingine, halafu anataka nyongeza ya mboga!

Ikafika wiki ya tano. Asubuhi ile Mwalimu hakupiga honi kama kawaida yake. Gari liliingia taratibu, na kabla sijamwona yeye niliona bampa la nyuma. Lilikuwa limepasuka upande wa kulia, na kioo cha taa kimening'inia kwa waya.

"Kaka," akasema, na sauti yake ya kuamrisha haikuwepo. "Jana tulikuwa kwenye ule mlima wenye kona. Mwanafunzi wangu akazimikiwa na gari. Hilo ni la kawaida, wote huzimikiwa. Nikabonyeza hazadi ili wanaokuja nyuma watuone. Zikawaka kidogo, zikakata. Ikaja lori. Dereva alikwepa. Angechelewa kidogo tu tusingekuwa tunaongea hapa. Mwanafunzi ni mama wa watoto wawili. Alikuwa anatetemeka mpaka nikamfungulia mlango mimi."

Mume wangu alikuwa ameshika lile bampa lililopasuka, analipapasa kama daktari.

"Mkurugenzi amesema leo ni mwisho," Mwalimu akaendelea. "Lisipopona leo, magari yote yanakwenda kwingine, na yeye atamwambia kila mtu kwa nini. Si mimi ninayesema hivyo. Mimi nimekutetea mpaka nimechoka."

Nilikuwa nimesimama dirishani. Kwa wiki tano nilikuwa nimemwona mwanamke mmoja tu ndani ya gari lile, na kumbe ndani yake walikuwa wanakaa watu. Mama wa watoto wawili. Mimi pia ni mama wa watoto wawili.

Mume wangu akatandika gunia chini, akatoa vifaa vyake vyote, akaanza upya. Balbu. Fyuzi. Ethi. Swichi. Jasho lilimtoka, na sikumsikia akicheka. Nikajiambia, ngoja, sasa atafika kwenye flasha, ataichomoa, ataiona mistari, basi. Nilikuwa naogopa afike, na nilikuwa namwomba Mungu afike. Hakufika. Akairuka, akaanza kuvua zulia la gari afuate nyaya za nyuma.

Mwalimu naye alikuwa anamtazama, na alikuwa amejifunza mengi kwenye kiti changu cha plastiki.

"Kaka, kile kikopo cha tik tak. Lile daraja. Hujalipima hata siku moja."

"Hiyo ni mpya."

"Na kipya hakiwezi kuwa kibovu?"

"Imetoka mkononi kwa mke wangu," mume wangu akasema. Hakuinua kichwa, alisema kama mtu anayetaja saa. "Mwalimu, ndani ya gari hili naweza kutilia shaka kila kitu, hata macho yangu mwenyewe. Hicho hapana."

Niliyasikia maneno hayo kupitia dirisha letu. Hayakusemwa ili niyasikie. Nilikuwa nimekaa miaka yote nikihesabu maneno ya mume wangu na kuyaona machache, nikamwonea wivu mwanamke mwingine kwa kupewa daraja na mdudu jichoni. Kumbe yangu yalikuwa yamewekwa huko, kwenye kiganja kinachokuja bila kutazama, na mimi nikayachukua nikayatupia koponi.

Nikachukua boksi jipya rafuni. Sikulipitisha dirishani. Nilitoka kwa mlango wa duka, nikazunguka ukuta, nikaingia gereji kwa miguu yangu, jambo ambalo silifanyi mara nyingi, mpaka wote wawili wakanitazama.

"Chomoa flasha," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Chomoa tu, baba."

Akanitazama usoni. Akaingiza mkono chini ya dashibodi, akavuta. Nilimwona alipojua. Hakuwa ameitazama bado. Kidole gumba chake kilipita juu ya bati, kikasimama, kikarudi, kikapita tena juu ya mistari ile miwili aliyoichora mwenyewe. Kisha ndipo akafungua kiganja na kuangalia.

"Ni nini?" Mwalimu akauliza.

Mume wangu akaitia flasha mfukoni. "Kosa ni la gereji yangu," akasema. "Kifaa kibovu kilichanganyika na vizima. Niombee radhi kwa mkurugenzi, na bampa nitalitengeneza mimi."

"Hakikuchang..." nikaanza.

"Mama," akanikatiza, kwa upole kabisa, "rudi dukani. Kuna mteja."

Hakukuwa na mteja. Nikaliacha boksi jipya juu ya gari, nikarudi dukani. Kule ng'ambo alipachika ile mpya, akawasha hazadi, akaziacha ziwake saa nzima ili kila mtu aridhike. Nilikaa nyuma ya kaunta nikisikiliza tik tak, tik tak, tik tak, na kila nilipodhani zitakata, hazikukata.

Saa ilipotimia Mwalimu alikuja dirishani. Hajawahi kuwa mjinga yule mwanamke. Kazi yake ni kutazama mikono ya watu na kujua wanataka kufanya nini kabla hawajafanya.

"Kaka ni mtu mwema, amesema kilichanganyika," akasema taratibu. "Mimi sina la kuongeza. Ila yule mwanafunzi wangu amesema hatashika usukani tena maisha yake yote. Alikuwa amebakiza masomo matatu."

Mimi, Mama Fyuzi, ambaye sijawahi kuomba radhi sokoni wala msibani.

"Nisamehe," nikasema.

"Kwaheri, mama," akajibu. Mama. Wiki tano nzima aliniita wifi na kila mara nilikunja uso, na siku ile ningetoa kitu chochote aniite tena.

Alipoondoka, mume wangu alinawa mikono kwa muda mrefu. Kisha akaja, akasimama mlangoni mwa duka, si dirishani. Aliuliza swali moja tu.

"Ulijua kwamba ni ile ya mistari miwili?"

Ningeweza kusema sikujua. Angeniamini, na hilo ndilo lililonizuia. "Nilijua," nikasema. "Mlikuwa mnacheka. Nikaona wivu."

Alifikiri. Alilipa jambo hilo muda wake, kama anavyofanya. "Tulikuwa tunacheka," akakubali. "Sawa." Akaingia, akalichukua lile kopo la rangi chini ya kaunta yangu, akaenda nalo upande wake.

Shule ilileta magari yote sita. Yanaletwa na madereva wengine. Mwalimu haji tena. Nilichokitaka nimekipata, hata fundi cherehani amekosa la kusema. Mume wangu hakunigombeza siku ile wala baadaye. Anakula chakula changu, na siku hizi anaongea zaidi ya zamani, ananiuliza hata nimeshindaje. Amekuwa na adabu mno.

Wiki iliyofuata alifunga betri ndogo ukutani, upande wake, kando ya dirisha letu, na nyaya mbili zinazoning'inia. Nilipomuuliza ni ya nini alisema, "Utaratibu tu." Sasa akihitaji kitu anakuja, ananitazama, anapokea kwa vidole viwili, anasema asante. Miaka kumi na saba hakuwahi kuniambia asante. Halafu kabla ya kukipeleka kwenye gari la mtu, anakigusisha kwenye zile nyaya mbili kukipima.

Niliwahi kumwonea wivu mwanamke mrefu mwenye saa ya kiume. Siku hizi ninayemwonea wivu ni mke wa Fundi Ethi wa zamani, yule aliyekuwa akiletewa kiganja kitupu kisicho na macho.

Jana asubuhi alitaka balbu ya indiketa. Nikamtolea boksi ambalo hata halijafunguliwa. Akalifungua, akaishika balbu kwa shina lake, akaigusisha. Ikawaka rangi ya chungwa, ikamulika vidole vyake na ukingo wa dirisha. Akaitazama inavyowaka, kisha akanitazama mimi.

"Nzima," akasema.

"Najua," nikasema.

"Asante," akasema, akaenda kuifunga.